SO2 haishuki ingawa chokaa inaingia: jinsi ya kutafuta chanzo

Malalamiko mengi kuhusu chokaa kwenye boila za makaa ya mawe yanafanana: chokaa inaingia, lakini dioksidi ya salfa (SO2) bado iko juu. Jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kuongeza kasi ya kilishio. Kuna siku hilo linasaidia. Siku nyingi linaongeza majivu, linachafua mabomba na kula joto la tanuru, na namba kwenye skrini inabaki pale pale. Mwongozo huu unafuata dalili kama mwendesha boila anavyoziona, na msimamo wangu ni kwamba chokaa isiongezwe kabla hujajua ile iliyokwisha kuingia imeishia wapi. Jibu la swali hilo limo kwenye majivu.

Kinachotakiwa kutokea

Jiwe la chokaa (CaCO3) likiingia kwenye moto hutoa kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai (CaO). Chokaa iliyozimwa kwa maji, Ca(OH)2, hutoa mvuke na kufikia hapo hapo. Chokaa hai ndiyo inayonasa SO2 pamoja na oksijeni na kuwa salfeti ya kalsiamu (CaSO4), kitu kigumu kinachotoka na majivu.

Shida iko kwenye nafasi. Kaboni dioksidi inapotoka huacha chembe yenye vitundu vingi, na gesi hupenya humo. Lakini salfeti inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chokaa iliyoizaa, karibu mara 2.7. Kwa hiyo vitundu huziba kuanzia nje, na kiini cha chembe hubaki chokaa safi isiyofikiwa na gesi. Ndiyo maana kwenye tanuru hakuna anayetumia kalsiamu yote, hata mambo yakienda vizuri, na ndiyo maana huwekwa kalsiamu zaidi ya salfa iliyopo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tani moja ya makaa yenye salfa asilimia 1 ina kilo 10 za salfa, ambazo zikiungua zote hutoa kilo 20 za SO2. Moli moja ya kalsiamu kwa moli moja ya salfa inahitaji kilo 31.25 za jiwe la chokaa safi. Ukitaka uwiano wa 2 zinakuwa kilo 62.5, na jiwe lako likiwa na usafi wa asilimia 90 unahitaji kama kilo 69.4. Iandike hesabu hii kwa makaa yako na uibandike karibu na meza ya kuendeshea. Ajabu ni kwamba kuna mitambo ambayo uwiano wake halisi haujulikani na mtu yeyote wa zamu; kinachojulikana ni asilimia ya kasi ya skrubu inayosukuma chokaa kwenye kilishio tu.

Kuhusu matarajio: boila inayochoma makaa ndani ya mchanga na majivu yanayozungushwa na hewa inaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya SO2 kwa uwiano wa 2 hadi 2.5. Boila ya makaa yaliyosagwa kuwa unga, ikipuliziwa chokaa juu ya moto, huondoa kama asilimia 40 hadi 60 kwa uwiano wa 2. Kama unayo hii ya pili na unadaiwa asilimia 90 kwa chokaa ya tanuruni peke yake, hakuna kitu cha kurekebisha. Umepewa kazi ambayo njia hiyo haiiwezi.

Kwanza thibitisha namba

Kipimo cha SO2 kinadanganya kwa njia chache zinazojulikana. Mrija wa sampuli usiopashwa joto hutengeneza maji, SO2 inayeyuka humo, na skrini inaonyesha namba ndogo. Kichujio cha mrija kikijaa majivu yenye chokaa hai, chokaa hiyo huendelea kunasa gesi ndani ya kichujio chenyewe, na namba inashuka tena bila sababu ya kweli. Kwa hiyo matokeo mazuri kupita kiasi yakufanye ukague mrija. Pitisha gesi ya kalibresheni (yenye kiasi cha SO2 kinachojulikana) kuanzia mwanzo wa mrija mpaka kwenye kipimo, si moja kwa moja kwenye kipimo, la sivyo utathibitisha uzima wa kifaa huku mrija ukiendelea kukuibia.

Kisha tazama vipimo unavyolinganisha. Ppm 1 (sehemu moja kwa milioni) ya SO2 ni miligramu 2.86 kwa mita ya ujazo ya gesi katika hali ya kawaida. Na gesi iliyochanganyika na hewa nyingi huonekana safi kwa sababu imezimuliwa tu. Kwa makaa ya mawe, namba mara nyingi husahihishwa kwenda oksijeni asilimia 6: zidisha kwa 15, kisha gawanya kwa (21 kutoa oksijeni uliyopima). Mlango wa ukaguzi unaovujisha hewa unaweza kufanya zamu moja ionekane bora kuliko nyingine bila chokaa kuhusika hata kidogo.

Kuna pia makaa yenyewe. Salfa hubadilika kutoka shehena hadi shehena, na hata ndani ya rundo moja. Kama SO2 ilipanda siku makaa mapya yalipoanza kuingia, pima salfa ya makaa kabla ya kugusa kitu kingine.

Majivu yanasemaje

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua sampuli mbili, ya majivu ya chini na ya majivu yanayoruka, na uzifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa zikiwa bado mpya. Majivu yakikaa wazi, chokaa hai hunyonya unyevu na kaboni dioksidi, na maabara itakuletea habari za hewa ya nje badala ya habari za tanuru.

Omba CaO yote (kalsiamu yote, maabara huiandika kama CaO), SO3 (ndivyo maabara inavyoandika salfeti), na kaboneti iliyobaki. Gawanya asilimia ya CaO kwa 56 na ya SO3 kwa 80, kisha linganisha. Majivu yenye CaO asilimia 28 na SO3 asilimia 12 yanatoa 0.5 na 0.15, maana yake kalsiamu iliyofanya kazi ni asilimia 30. Makaa mengine yana kalsiamu yake kwenye majivu, kwa hiyo ni vyema kuwa na kipimo cha majivu ya makaa bila chokaa ili usiisifu au kuilaumu chokaa kwa kitu kisicho chake.

Kalsiamu ambayo haikuwa salfeti imebaki katika mojawapo ya hali mbili, na kila hali inakupeleka upande tofauti.

Ikiwa bado ni kaboneti, jiwe halikuwahi kuungua. Joto lilikuwa dogo, au chembe ni kubwa mno, au ilipita kwa kasi bila kukaa motoni. Kwenye gesi yenye kaboni dioksidi ya kiasi cha asilimia 15, jiwe la chokaa linahitaji kupita nyuzi 780 hivi za Selsiasi ndipo lianze kuachia. Boila inayoendeshwa chini ya hapo kwa sababu ya mzigo mdogo (mvuke kidogo unaotakiwa) itakusanya mawe mabichi.

Ikiwa ni chokaa hai, iliungua lakini haikukutana na SO2, au ilikutana nayo ikiwa imeshakufa. Weka majivu kidogo kwenye maji na upime joto linavyopanda. Chokaa nzima hupasha maji haraka. Chokaa iliyochomwa kupita kiasi, ambayo vitundu vyake vimejifunga kwa joto, huchelewa sana kupasha. Kipimo hiki ni cha haraka tu na hakichukui nafasi ya maabara, ila kinakuelekeza mahali pa kutazama kwanza. Vaa miwani na glavu. Chokaa hai na jicho havipatani.

Kuna watu hupima kaboneti kwa kudondosha asidi na kutazama povu. Fanyeni hivyo mahali penye hewa ya kutosha tu. Majivu yaliyotoka kwenye moto wenye upungufu wa hewa yanaweza kuwa na salfaidi ya kalsiamu, na asidi ikiigusa hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Harufu ya mayai viza ni onyo la kutoka hapo, na pia ni taarifa: tanuru lako lina sehemu zisizo na oksijeni.

Dalili: SO2 hupanda mzigo unapopanda

Shuku joto kwanza. Kwenye boila za mchanga, joto linalofaa ni karibu nyuzi 850. Likipanda kupita 900, unasaji hushuka waziwazi, na chokaa ya ziada hairudishi kilichopotea. Tazama joto la sehemu mbalimbali za kitanda (tabaka la mchanga na majivu linalowaka), si wastani, kwa sababu wastani wa 860 unaweza kuficha pembe iliyofika 950. Sababu za kawaida ni hewa isiyogawanyika sawa, nozeli za chini zilizoziba, makaa yanayoingia upande mmoja, au mchanga uliopungua.

Kwenye boila za makaa ya unga dirisha la joto ni pana zaidi, takriban 900 hadi 1250, lakini gesi hulipita kwa sekunde moja au mbili tu. Juu ya hapo mambo mawili mabaya hutokea pamoja: chokaa inajifunga vitundu, na salfeti yenyewe huanza kuvunjika na kurudisha SO2. Mzigo ukipanda, dirisha hilo husogea juu ndani ya tanuru. Pua za kupulizia zilizokuwa mahali pazuri kwa nusu ya mzigo sasa zinamwaga chokaa kwenye moto mkali. Ndiyo sababu mitambo iliyobuniwa vizuri ina pua kwenye ngazi zaidi ya moja. Kama unazo, hakikisha mtu wa zamu anajua lini abadilishe ngazi. Kama huna, pima joto la gesi mahali pua zilipo kwa mizigo tofauti kabla ya kununua chokaa ya bei kubwa zaidi.

Dalili: SO2 inaruka juu na chini kila dakika chache

Weka mstari wa SO2 na mstari wa kaboni monoksidi (CO) kwenye grafu moja. Zikipanda pamoja, hewa ndiyo tatizo. Pale oksijeni inapoisha, CO huishambulia salfeti iliyokwisha kutengenezwa na kuirudisha kuwa chokaa na SO2. Yaani salfa uliyoinasa inaachiwa tena. Kutazama oksijeni ya dohani peke yake hakutoshi, maana inaweza kusoma asilimia 4 huku sehemu ya chini ya tanuru ikikosa hewa. Rekebisha mgawanyo wa hewa ya kwanza na ya pili, na uhakikishe makaa hayaingii kwa mafungu.

Kama CO imetulia na ni SO2 peke yake inayoruka, fuata chokaa. Jiwe lenye unyevu hujenga tao ndani ya ghala, linakatika, kisha linaporomoka kwa wingi. Skrubu inazunguka lakini haibebi kitu. Kasi ya skrubu haithibitishi kwamba chokaa inaingia. Uzito wa ghala unaopungua ndio ushahidi. Pima kwa saa moja na ulinganishe na kile skrini inachodai.

Dalili: unaongeza chokaa, SO2 haisogei

Hali hii ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Ikiwa umeongeza theluthi na namba haikushuka, chokaa mpya haifiki kwenye gesi yenye SO2, au inafika ikiwa haiwezi kufanya kazi.

Anza na ukubwa wa chembe. Kwenye boila za mchanga zinazozungusha majivu, jiwe linalofaa ni la takriban mikroni 100 hadi 500. Unga mwepesi kuliko uwezo wa saikloni (chombo kinachotenga chembe na gesi na kuzirudisha tanuruni) kukamata hupita mara moja na kwenda kwenye kichujio ukiwa umetumika kidogo. Mawe makubwa hukaa chini, yanafunikwa ganda la salfeti nje, na kutoka na majivu ya chini yakiwa na kiini kizima. Majivu mawili uliyopeleka maabara yanatofautisha hili: chokaa hai nyingi kwenye majivu yanayoruka inamaanisha unga ni laini mno kwa saikloni yako, na nyingi kwenye majivu ya chini inamaanisha mawe ni makubwa. Kwenye boila za makaa ya unga ni kinyume, laini zaidi ni bora zaidi, na chokaa iliyozimwa yenye chembe za mikroni chache hulishinda jiwe lililosagwa. Majaribio ya Marekani kwenye kituo cha Edgewater, Lorain, Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha hivyo: chokaa iliyozimwa ilinasa zaidi ya jiwe, na kadiri jiwe lilivyosagwa laini ndivyo lilivyofanya vizuri.

Pili ni mchanganyiko. Pua mbili kwenye tanuru pana hutengeneza michirizi miwili ya chokaa na katikati gesi inapita bila kuguswa. Pima SO2 kwa kupitisha mrija katika upana wote wa njia ya gesi. Ukiona upande mmoja ni safi na mwingine mchafu, suluhisho liko kwenye pua na hewa ya kubebea chokaa. Mara nyingi pua moja imeziba na hakuna aliyegundua kwa sababu shinikizo la jumla halikubadilika sana.

Tatu ni jiwe lenyewe, na hapa wanunuzi hupotea. Usafi si uhodari. Jiwe lenye CaCO3 asilimia 98 lenye fuwele kubwa kama marumaru linaweza kunasa kidogo kuliko jiwe la asilimia 90 lenye vitundu vizuri baada ya kuungua. Cheti cha usafi hakikuambii hilo. Omba jaribio la kunasa SO2 kwa joto la tanuru lako. Dolomiti nayo ina upekee wake: magnesiamu yake hainasi SO2 kwa joto hilo, lakini husaidia kuacha vitundu wazi, hivyo kalsiamu yake hutumika zaidi. Gharama yake ni uzito, kwani kwa kalsiamu ile ile unabeba karibu mara 1.84 ya jiwe la kawaida, na majivu yanaongezeka vivyo hivyo.

Na usisahau ghala. Chokaa iliyozimwa iliyokaa miezi kwenye ghala linalopitisha hewa hunyonya kaboni dioksidi na kurudi kuwa kaboneti. Inaonekana ile ile, nyeupe na laini, ila uhai wake umepungua.

Ukikuta kwamba majivu yamejaa chokaa hai yenye ganda la salfeti, kuna njia ya kuirejesha kazini. Maji au mvuke huingia, chokaa ya ndani inazimika na kuvimba, na ganda linapasuka. Mfumo wa LIFAC uliobuniwa Finland unatumia wazo la karibu na hilo: jiwe linapuliziwa tanuruni, kisha gesi inanyunyiziwa maji kwenye mnara baada ya boila ili chokaa iliyobaki inase tena.

Dalili: vumbi limeanza kutoka dohani tangu chokaa ilipoanza

Kinasa vumbi cha umeme hutegemea majivu yanayopitisha umeme kwa kiasi. Chokaa inaongeza wingi wa vumbi, na wakati huo huo inaondoa trioksidi ya salfa (SO3) iliyokuwa ikiyapa majivu uwezo huo. Utaona mkondo wa umeme unashuka na cheche zinaongezeka. Kunyunyizia maji kwenye gesi kabla ya kinasa vumbi husaidia sana. Edgewater walilazimika kufanya hivyo. Kichujio cha mifuko hakina shida hiyo, na tabaka la chokaa kwenye mifuko huendelea kunasa SO2, ila tofauti ya shinikizo hupanda na mifuko inahitaji kupigwa hewa mara nyingi zaidi.

Dalili: madonge kwenye njia ya gesi baada ya nozeli za maji

Chokaa iliyozimwa inayopuliziwa kwenye njia ya gesi hufanya kazi vizuri zaidi gesi ikiwa karibu na kushiba mvuke, kama nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Ukisogea karibu zaidi kutafuta asilimia chache, matone hayakauki, yanagonga kuta na kuganda na chokaa. Kagua nozeli zilizolika, kwa sababu tundu likipanuka matone huwa makubwa. Rudisha joto juu kidogo mpaka nozeli zibadilishwe.

Dalili: oksidi za naitrojeni (NOx) zimepanda

Kwenye boila za mchanga, chokaa hai iliyozidi huchochea sehemu ya naitrojeni ya makaa kuwa NO. Ukiona NOx inapanda kila unapoongeza chokaa huku SO2 ikikaa pale pale, umepita kiwango. Punguza hatua kwa hatua, ukiacha saa kadhaa kati ya hatua, kwani chokaa iliyomo kwenye kitanda haiishi mara moja.

Dalili: majivu yanachemka na kuganda yanapomwagiwa maji

Hiyo ni chokaa hai inazimika. Mvuke unaotoka unaweza kuunguza mtu, na mchanganyiko wake una pH ya karibu 12. Majivu haya hayafai kuachwa kwenye mfereji wa maji. Yakiganda humo yanavunjwa kwa nyundo. Yalowanishwe kwa kipimo, kwenye kichanganyio, na wafanyakazi waambiwe wazi kwamba haya si yale majivu waliyoyazoea kabla ya chokaa.

Angalia pia gharama ya makaa. Kila kilo 100 za jiwe safi linaloungua hutoa kilo 44 za kaboni dioksidi na kunyonya joto kutoka kwenye moto. Salfeti inapotengenezwa hurudisha joto, lakini kwa ile kalsiamu iliyofanya kazi tu. Kalsiamu iliyotoka bure kwenye majivu ulilipia kuinunua, ukalipia makaa ya kuichoma, kisha ukalipia kuizika. Mtambo unaopandisha matumizi ya kalsiamu kutoka asilimia 30 hadi 40 hufikia unasaji ule ule kwa robo pungufu ya jiwe, na safari ya kufika huko huanza na ndoo mbili za majivu zilizofungwa vizuri, zenye tarehe, saa na mzigo wa boila vimeandikwa juu yake.